Moyo wa mtoto kabla hajazaliwa: mwongozo kwa wazazi wa Igogwe na Rungwe

Akina mama wengi wa Rungwe hupiga altrasaundi mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, miezi saba au minane, na maswali yao huwa matatu: mtoto amekaaje, ni wa kike au wa kiume, na tarehe ya kujifungua ni lini. Ni maswali ya haki kabisa. Lipo la nne ambalo huulizwa mara chache, na kwa umri huo wa mimba huwa limeshachelewa: je, moyo wa mtoto umeumbika sawasawa? Jibu lake hupatikana vizuri zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 22, mimba ikiwa na miezi mitano hivi. Kwa familia ya Igogwe jibu hilo lina uzito kuliko kwa familia inayoishi hatua chache kutoka Muhimbili. Mtoto anayemhitaji daktari wa moyo siku ya pili ya maisha yake hawezi kumfuata zaidi ya kilomita 800.

Mwongozo huu ni wa mama mjamzito na mumewe. Ni wa bibi pia, kwa kuwa katika nyumba nyingi za kwetu yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mkwewe aende kujifungulia wapi.

Kasoro ya moyo huanzaje

Duniani kote, katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine 99 hawana, na hata huyo mmoja mara nyingi kasoro yake ni ndogo. Inayojulikana zaidi mitaani ni tundu kwenye moyo: ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto haukuziba wote. Matundu mengi madogo hujiziba yenyewe mtoto anapokua, bila kisu wala dawa. Lakini takriban robo ya watoto wenye kasoro za moyo wana kasoro nzito, inayohitaji upasuaji au tiba nyingine ya moyo kabla hawajatimiza mwaka. Hao ndio tunaowatafuta.

Moyo huumbika mapema mno. Huanza kudunda kiasi cha wiki tatu baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya nane vyumba vyake vinne, kuta zake na valvu zake vimeshakaa mahali pake. Wakati huo wapo wanawake ambao hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo maneno yanayosemwa, kwamba mtoto ameharibika moyo kwa sababu mama alijitwika mkungu wa ndizi mimba ikiwa na miezi saba, au aligombana na wifi yake, hayana msingi wowote. Moyo ulikuwa umeshaumbika zamani. Hakuna aliyerogwa pia. Mara nyingi hata madaktari hawaoni sababu moja ya kuinyooshea kidole, na ni dhuluma kubwa kumrudishia mama lawama ya jambo ambalo hakuna binadamu aliyelifanya.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yote huipata kwa mama kupitia kondo na kitovu. Kwa kuwa mapafu bado hayana kazi, damu yake ina njia mbili za mkato: kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Kwa msaada wa njia hizo, hata mtoto ambaye upande mmoja wa moyo wake haukuumbika vizuri hukua, hunenepa, hucheza tumboni, na mapigo yake husikika safi mkunga anapotega sikio kliniki. Kusikia mapigo ni jambo jema, lakini mapigo hueleza mwendo wa moyo tu. Umbo lake halisikiki, sharti lionwe.

Shida huanza baada ya kuzaliwa. Ule mshipa mfupi hujifunga wenyewe katika siku mbili tatu za mwanzo. Kwa mtoto mzima hilo ni jema. Kwa mtoto ambaye damu ya kwenda mapafuni, au ya kwenda mwilini, ilikuwa ikipita humo, kufungika kwake ni kukatika kwa njia. Amezaliwa akilia vizuri, ana kilo tatu, amenyonya, mama ameruhusiwa baada ya saa 24, jirani wamekuja kumpa mkono. Siku ya tatu anaanza kuhema haraka, anaacha ziwa, miguu inapoa, uso unakuwa wa kijivu. Nyumbani hudhaniwa ni kichomi, au mchango, na dawa za mitishamba huanza kuchemshwa huku saa zikienda. Ipo dawa ya hospitali ya kuufungua mshipa ule na kuuacha wazi mpaka mtoto afike kwa mpasuaji. Ni ya jamii ya prostaglandini, na hutolewa kwa dripu. Lakini inataka wodi yenye uangalizi wa karibu wa vichanga, kwa sababu inaweza kumfanya mtoto aache kupumua. Zahanati haiwezi kuitoa.

Altrasaundi haitibu moyo. Inachowapa wazazi ni nafasi ya kuchagua mahali pa kujifungulia, mtoto azaliwe jirani na tiba badala ya kuifuata akiwa mahututi, kwenye gari, usiku, mvua ikinyesha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mwanamke wa Igogwe kupiga altrasaundi mwezi wa tano wa mimba na si wa nane.

Kuhesabu wiki na kwenda kupima

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito aonane na watoa huduma mara nane, na apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa ajili ya moyo, wiki 18 hadi 22 ndizo nzuri: kabla ya hapo moyo ni mdogo mno kuusoma vizuri, na baadaye mifupa ya mtoto huanza kuleta kivuli kwenye picha.

Wiki huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwanamke aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Januari atatimiza wiki 18 tarehe 7 Mei, na wiki 22 tarehe 4 Juni. Asiyekumbuka tarehe awahi kliniki kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa altrasaundi ya mapema ndiyo hukadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi. Ya mwezi wa nane inaweza kupotoka kwa wiki mbili au tatu. Na anayeishi kijiji chenye barabara ya udongo aiangalie kalenda ya mvua pamoja na kalenda ya mimba. Huku Rungwe mwezi wa tano mara nyingi mvua bado haijaisha, na pikipiki inayokwama kwenye tope inaweza kumkosesha mtu siku ya kipimo. Ni heri kulenga wiki ya 19 au ya 20, ili ikishindikana zibaki siku za kurudi.

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza kliniki yako siku ambazo mtaalamu wa altrasaundi yupo. Kwa watu wa Igogwe pa kuanzia ni Hospitali ya Igogwe ya Kanisa Katoliki, au Hospitali ya Wilaya ya Makandana pale Tukuyu. Chukua kadi ya kliniki. Usiogope kuona kibao cha mionzi mlangoni: altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na haimdhuru mama wala mtoto.

Ndani ya chumba utalala chali, tumbo lipakwe ute wa baridi, na mtaalamu atasogeza kifaa chake taratibu. Moyo anaoutafuta una urefu wa takriban sentimita 2, sawa na haragwe kubwa, na unadunda mara 110 hadi 160 kwa dakika huku mtoto mwenyewe akigeukageuka. Kwa hiyo mpe muda. Picha ya kwanza anayoitaka ni ya vyumba vinne. Katika moyo mzima, vyumba viwili vya juu vinalingana, viwili vya chini vinalingana, kuta zinakutana katikati kama msalaba, valvu mbili zinafunguka na kufunga kwa pamoja, ncha ya moyo inaelekea kushoto, na moyo wote unachukua kama theluthi moja ya kifua. Picha ya pili ni ya mishipa mikubwa miwili inapotoka kwenye moyo, mmoja wa mapafu na mmoja wa mwili. Katika mtoto mzima mishipa hiyo hupishana, mmoja ukipita mbele ya mwingine. Ikienda sambamba bila kupishana, kuna uwezekano imebadilishana mahali, na hiyo ni mojawapo ya kasoro zinazoua haraka baada ya kuzaliwa, ingawa vyumba vyote vinne vinaweza kuonekana vizuri tu. Anayetazama vyumba peke yake huzikosa kasoro nyingi nzito za aina hii.

Ndiyo maana mama aombe kwa maneno yake mwenyewe: "Samahani daktari, mimba yangu ina wiki 20. Naomba uniangalizie moyo wa mtoto, vyumba vinne na mishipa mikubwa miwili inapotoka, na uniandikie ulichokiona." Si utovu wa adabu. Mtaalamu mwenye foleni ndefu ya watu wanaotaka kujua jinsia na mlalo wa mtoto hufanya kipimo alichoombwa. Ukimwambia unataka moyo, anajua aanzie wapi.

Jibu linaweza kuwa la aina tatu. Moja, moyo umeonekana na uko sawa. Mbili, kuna kitu kimetiliwa shaka. Tatu, nalo huwachanganya watu wengi, moyo haukuonekana vizuri: mtoto amegeuza mgongo juu, mama ana mwili mkubwa, au mashine ni ya zamani. Hilo la tatu si habari mbaya, lakini si habari njema pia. Rudi baada ya wiki moja au mbili, na ikishindikana tena omba rufaa ya kwenda Mbeya mjini.

Hata jibu la kwanza lina mipaka yake. Zile njia mbili za mkato ziko wazi kwa kila mtoto aliye tumboni, kwa hiyo hakuna mashine inayoweza kusema mapema kama zitafunga baada ya kuzaliwa. Matundu madogo ya ukutani hupita bila kuonekana, na kubanwa kwa mshipa mkuu wa mwili ni kugumu kukutambua hata kwa mabingwa. Mama aliyeambiwa kila kitu kiko sawa bado anapaswa kuzijua dalili za kichanga nitakazozieleza mbele.

Ambao wasingoje

Watoto wengi wenye kasoro za moyo huzaliwa na akina mama wasio na historia yoyote ya ugonjwa, na kwa hiyo kipimo cha wiki 18 hadi 22 ni cha kila mjamzito. Wapo hata hivyo ambao wanapaswa kuitaja hali yao siku ya kwanza kabisa kliniki, waangaliwe na bingwa.

Wa kwanza ni mwanamke mwenye kisukari tangu kabla ya mimba. Sukari ikiwa juu katika zile wiki nane za mwanzo, uwezekano wa kasoro ya moyo huongezeka mara kadhaa. Akipanga kuzaa, aishushe sukari kwanza, ndipo mimba ifuate. Wengine ni mama mwenye ugonjwa wa lupasi, ambao unaweza kuuchelewesha mno mwendo wa moyo wa mtoto. Mama aliyezaliwa na kasoro ya moyo yeye mwenyewe, au ambaye mume wake au mtoto wake wa kwanza anayo. Mwenye mapacha wanaotumia kondo moja. Na aliyeambiwa kwamba mtoto ana dalili za ugonjwa wa Down. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kasoro yao mara nyingi inapasulika vizuri.

Kwa dawa, ya kuogopa zaidi ni baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, za ugonjwa wa akili zenye lithiamu, na baadhi za shinikizo la damu. Anayezimeza asiziache kwa uamuzi wake. Kifafa kikirudi mama anaweza kuangukia motoni au mtoni. Aende kwa daktari kabla ya kubeba mimba, abadilishiwe. Pombe aiache kabisa, iwe bia ya dukani au kimpumu cha nyumbani.

Rubela inastahili kutajwa peke yake. Ni ugonjwa mwepesi wa vipele kwa mtu mzima, lakini ukimpata mjamzito katika miezi mitatu ya mwanzo unaweza kumwachia mtoto moyo wenye kasoro, mtoto wa jicho na uziwi kwa pamoja. Tanzania ilianza kuchanja surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, kwa kampeni iliyowalenga watoto wa kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Mwanamke aliyekuwa ameshavuka umri huo wakati ule huenda hakuchanjwa, na anaweza kumwuliza daktari kuhusu chanjo kabla hajabeba mimba. Akishakuwa mjamzito chanjo hiyo haitolewi. Asidi ya foliki nayo hufaa zaidi ikianzwa kabla: vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vinayo, lakini anayevianza mwezi wa nne hukuta moyo na uti wa mgongo vimeshaumbika.

Shaka ikionekana

Kwanza, hakikisheni. Altrasaundi ya kawaida hutia shaka. Anayethibitisha ni daktari aliyesomea moyo wa mtoto aliye tumboni, kwa kipimo kinachoitwa eko. Safari ya rufaa kutoka Igogwe au Makandana hupitia Uyole kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo huduma zake za wazazi ziko Meta, na kutoka hapo huelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, Dar es Salaam. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na JKCI ikasimama kama taasisi yenyewe mwaka 2015. Kabla ya hapo mtoto wa Kitanzania mwenye moyo wa kupasuliwa alitegemea kupelekwa nje, India hasa, na wengi waliishia kwenye orodha ya kungojea. Leo kuziba tundu, kufunga ule mshipa uliokataa kujifunga, na kurekebisha kasoro nyingine kadhaa hufanyika hapo hapo, na madaktari wa ndani mara nyingi hufanya kambi za upasuaji pamoja na wenzao kutoka nje. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na ya Bugando, Mwanza, nazo zimeanzisha upasuaji wa moyo. JKCI pia hutuma madaktari wake mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, na hiyo ni nafasi ya kuulizia Mbeya.

Mkikaa mbele ya bingwa, msitoke bila majibu haya. Kasoro ni ipi, na mtuandikie jina lake. Mtoto atahitaji dawa ya dripu saa za kwanza baada ya kuzaliwa, au anaweza kuzaliwa Mbeya na kupelekwa Dar baadaye? Upasuaji hufanyika hapa nchini, na mtoto akiwa na umri gani? Kuna kiungo kingine chenye shida? Jibu la swali la pili ndilo linaloamua kila kitu. Mwenye tundu la kawaida anaweza kuzaliwa Igogwe, akanyonya, akapelekwa kwenye eko baada ya wiki chache. Mwenye mishipa iliyobadilishana, au ambaye njia ya kwenda mapafuni imeziba, mama yake anapaswa kuwa Dar es Salaam kabla uchungu haujaanza.

Watu huuliza kama mama atapasuliwa. Kasoro ya moyo wa mtoto, peke yake, si sababu ya upasuaji wa kujifungua. Wengi wa watoto hawa huzaliwa kwa njia ya kawaida bila madhara. Wala si sababu ya kuharakisha uchungu. Mtoto aliyetimiza wiki 39 ana mapafu na uzito wa kustahimili upasuaji kuliko njiti.

Zipo kasoro chache, kama ile ambayo upande mzima wa kushoto wa moyo haukukua, ambazo hata katika nchi tajiri huhitaji upasuaji wa hatua tatu na bado watoto hupotea. Wazazi wana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi na kwa upole, wajue kinachowezekana na kisichowezekana, na wajiandae kukaa na mtoto wao, kumpa jina, na kumbatiza kama ndiyo imani yao.

Baada ya hapo ni suala la familia kujipanga. Kujua wiki ya 20 huwapa wiki 20 hivi za maandalizi, muda wa kuvuna na kuuza ndizi au maparachichi, kuchukua mkopo wa vikoba, kumtafuta shangazi au binamu wa Dar wa kumpokea mama mwezi wa mwisho. Kwa sera ya afya, wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano husamehewa gharama katika vituo vya serikali. Kwenye hospitali ya kanisa ulizieni mapema makubaliano yalivyo. Upasuaji wa moyo ni gharama ya aina nyingine. Kama mna bima, ikaguliwe kabla ya safari kama inafika JKCI, na kama hamna uwezo anzeni kwa barua ya mtendaji wa kijiji, kisha mwoneni ofisa wa Ustawi wa Jamii hospitalini. Fanyeni hivyo mimba ikiwa bado changa. Baba awepo siku ya kumwona bingwa: maelezo ya bingwa ni mazito kuyabeba peke yako na kwenda kuyasimulia upya kwa wakwe.

Mtoto ameshazaliwa

Mama ambaye hakupata altrasaundi, au aliyeambiwa moyo uko sawa, bado ana lango la pili. Ni kipimo cha oksijeni, kile kifaa kidogo chenye taa ambacho wengi walikizoea wakati wa UVIKO. Kwa kichanga hufungwa kwenye kiganja cha mkono wa kulia na kwenye mguu mmoja, mtoto akiwa na umri wa saa 24 hadi 48, kabla ya kuruhusiwa. Namba ya 95 kwenda juu, na tofauti ya mkono na mguu isiyozidi 3, ni salama. Chini ya 90 daktari aitwe papo hapo. Katikati ya hapo kipimo hurudiwa baada ya saa moja. Rungwe iko juu, na kadiri unavyopanda namba hushuka kidogo hata kwa mtoto mzima, kwa hiyo mpimaji alizingatie hilo, miguu ya mtoto iwe na joto, arudie kwa utulivu. Hakina maumivu, na huchukua dakika chache tu. Mama aombe kabla hajafunga mizigo.

Nyumbani kuna vitu vinne vya kutazama, na baridi ya kwetu inaweza kumpotosha mtu katika viwili.

Tazama ulimi. Viganja na nyayo za kichanga kuwa na rangi ya bluu asubuhi ya baridi ni kawaida siku za mwanzo. Mfunike, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, zitarudi. Lakini msogeze dirishani penye mwanga wa mchana, ufungue mdomo, uangalie ulimi na ufizi. Hapo rangi ya ngozi haifichi kitu. Ulimi wa bluu au wa kijivu si baridi.

Tazama anavyonyonya. Mtoto mwenye moyo uliochoka huvuta mara chache, huachia ziwa, huhema, huanza tena, na mwisho husinzia hajashiba. Paji la uso linatoka jasho. Mtoto anayetokwa na jasho kwenye ziwa katika nyumba ambayo wewe mwenyewe umejifunika kitenge mara mbili anafanya kazi kubwa kuliko nguvu zake.

Hesabu pumzi. Subiri alale, mfunue kifua, shika simu, hesabu dakika nzima kila kifua kinapopanda. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, kwa sababu vichanga hupumua kwa vipindi. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikirudia hivyo, aende hospitali.

Na uzito. Usikose siku za kliniki. Mstari wa kadi unaolala au kushuka, pamoja na vichomi vinavyorudi kila mwezi, ni sababu ya kumwambia daktari: "Naomba umsikilize moyo."

Ulimi wa bluu, kuacha kabisa kunyonya, miguu ya baridi pamoja na kulegea, au kuhema kwa kubonyea mbavu, ni dharura. Usisubiri kukuche. Piga 115, ni bure: ni namba ya m-mama, mfumo wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga wenye dharura, kwa gari la wagonjwa au kwa madereva wa jamii. Njiani mtoto awe kifuani kwa mama, amefunikwa vizuri, pua na mdomo wazi. Kama ni mtoto mkubwa kidogo ambaye hupatwa na vipindi vya kuwa wa bluu anapolia, mkunje magoti yaguse kifua na umtulize mkiwa safarini. Mkao huo husukuma damu zaidi kwenda mapafuni.

Wakati wa kungojea upasuaji mtoto aendelee na maziwa ya mama. Akichoka kwenye ziwa, kamua na umpe kwa kikombe, kidogo kidogo na mara nyingi. Chanjo zote apate kwa ratiba yake, kwa kuwa surua au kichomi kwa mtoto huyu ni hatari mara mbili. Dawa ya kupunguza maji mwilini aliyopewa isikatizwe kwa sababu anaonekana amepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Wazazi waliopata mtoto mmoja mwenye kasoro ya moyo huogopa kuzaa tena, na wengine huachana kwa hofu hiyo. Kwa kawaida uwezekano wa mtoto anayefuata kuwa nayo ni kama wawili au watatu katika kila 100, kumaanisha 97 au 98 huzaliwa bila kasoro. Unazidi wa familia nyingine, lakini si kiasi cha kuvunja ndoa. Mimba inayofuata ikija, barua ya JKCI ya mtoto wa kwanza ipelekwe kliniki siku ya kwanza, ibandikwe kwenye kadi, na miadi ya altrasaundi ya wiki ya 18 iandikwe siku hiyo hiyo.